Kabureta ya Baba Mkwe

Waya ulikuja mwepesi.

Fundi wa pampu alikuwa ameinama juu ya pipa nyuma ya nyumba yake, mkono wa kulia umezama hadi kwenye kiwiko ndani ya maji meusi ya molasi, na kabla macho hayajaona kitu vidole vilikuwa vimeshajua. Kile alichokifunga kwenye waya ule siku kumi na moja zilizopita kilikuwa na uzito wa kilo moja na robo. Alikipima mwenyewe, akaandika. Sasa alikuwa anavuta, na hapakuwa na cha kuvuta.

Mwisho wa waya iliibuka pete moja ya chuma, inang'aa kwa usafi, pamoja na skrubu mbili. Katikati yake palikuwa na donge la kijivu lililojaa matundu, mfano wa mkate uliosahauliwa kwenye chai. Lilipogusa ukingo wa pipa likamegeka vipande vitatu. Viwili vikarudi majini taratibu, bila hata kurusha tone.

Alipindua ndoo, akakaa, mkono ukichuruzika maji machachu hadi kwenye kiatu, akatazama kipande kimoja kilichobaki kiganjani. Kilikuwa bado na herufi mbili za jina la kiwanda. Akafumba kiganja, akafumbua, kana kwamba mara ya pili angekuta kitu kingine. Alikuwa ameyeyusha kabureta ya baba mkwe wake.

Asiyejua ukubwa wa jambo hili inabidi aelezwe habari ya gari, na baada ya gari, habari ya mkwe.

Gari lilikuwa la zama za magurudumu yenye njiti za mti na taa za shaba, la kuwashwa kwa kuzungusha chuma mbele huku umeomba dua kisikurudie kikakuvunja mkono. Kiwanda kilicholitengeneza kilifungwa kabla baba yake fundi hajazaliwa. Alilikuta katika ghala la kampuni moja ya zamani lililokuwa linabomolewa. Mabati yameliangukia, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva, na lori la chuma chakavu linangojwa mchana ule ule. Fundi alikuwa amepita hapo kutafuta bawaba za mlango. Akawasihi wabomoaji, wakampa kwa bei ya kilo za chuma, na mtaa mzima ukatoka nje kumwona mtu mzima aliyekwenda kununua bawaba akirudi na mifupa ya gari inavutwa kwa kamba.

Miaka tisa ya Jumamosi na Jumapili ilikwenda kwenye mifupa ile. Yeye hakuwa mtu wa papara. Kila kipande kilichotoka garini kilipewa namba, kikachorwa kwa penseli pande zote, kikapimwa, kikaandikwa daftarini, ndipo kikaguswa. Mtaani walimwita Bwana Sumaku, kwa sababu alitembea na sumaku ndogo mfukoni, imefungwa uzi, na hakuna chuma alichokiamini kabla hajakigusisha. Sheria yake ilikuwa fupi. Kinachoshika kinaingia kwenye pipa la molasi, maana molasi hula kutu ikakiacha chuma kizima. Kisichoshika kinaoshwa kwa mafuta ya taa na brashi, basi. Pipa lile lilinuka kama pombe iliyoharibika, likavuta nyuki na inzi, na mkewe alikuwa akisema wazi kwamba wanawake wenzake wana wake wenza wenye miguu, yeye wake ana kifuniko.

Vipande vingine vilipatikana kwa namna ambazo hata akisimulia haaminiki. Taa ya kushoto ilikuwa kwa mjane mmoja aliyekuwa akiwanyweshea kuku maji ndani yake. Alikubali kuitoa baada ya kuletewa beseni jipya, na akasisitiza beseni liwe la bluu, kwa kuwa kuku wake wamezoea. Rejeta ilikuwa kwa fundi wa kuyeyusha vyuma, imeshawekwa kando ya tanuri, ikaokolewa kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai. Saa ya dashibodi ilikuwa ukutani kwa kinyozi, inaonyesha saa nne na robo tangu kinyozi mwenyewe akiwa mwanafunzi.

Kabureta haikupatikana. Pale ubavuni mwa injini inapokaa, mahali petroli na hewa zinapochanganywa kabla ya kuingia kuungua, palikuwa na tundu wazi na boliti mbili zisizoshika kitu. Kufunga ya gari jingine fundi hakutaka hata kusikia. Kuliko hilo, alisema, heri anunue baiskeli. Aliandika barua kwa watu wa magari ya kale katika nchi ambazo hata jinsi ya kutamka majina yake hakuwa na uhakika. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alikuwa na kibanda chake mkabala na posta, hivyo barua zilipita mkononi mwake. Majibu mengine hayakuja. Mengine yalikuja na pole. Mara moja kilikuja kifurushi kizima, nyumba yote ikakizunguka, na ndani ikatoka kabureta ya mashine ya kukatia majani.

Na miaka yote hiyo kabureta iliyotakiwa ilikuwa umbali wa mitaa minne, inafanya kazi.

Baba mkwe wake alikuwa fundi mstaafu wa magari, na alikuwa na gari la aina ile ile, jeusi, limefunikwa turubai kwenye banda lenye kufuli mbili. Kila Jumapili asubuhi aliliwasha, akaenda nalo hadi kwenye kona, akageuza, akarudi, akafunga. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Fundi alipoliburuta lake nyumbani, mtu wa kwanza kumwita aje kuona alikuwa yeye. Mzee alikuja, akatazama chini ya boneti muda usiofika dakika, akasema, "Kazi unayo," akaondoka bila kunywa chai. Tangu hapo hakukanyaga tena kwa mkwewe. Na kila alipoombwa kabureta ile kwa siku chache tu, ipimwe ili inakiliwe, jibu lilikuwa moja: gari haliazimwi viungo.

Shemeji yake fundi, dereva wa lori na mdogo wa mkewe, alikuwa na mzaha mmoja alioupenda kuliko chakula. "Mzee wetu wa ajabu," alisema kila wanapokutana. "Binti alimtoa alasiri moja tu. Kabureta, mwaka wa tisa."

Ndipo mwaka huu, bila kuombwa, mzee akampigia simu mkwewe. Fundi alimkuta amesimama mlangoni, kabureta imeviringishwa kwenye taulo. Alimkabidhi kwa mikono miwili, na mikono ilitetemeka. Fundi akadhani ni uzee. "Mwezi mmoja," mzee alisema. "Pima, chora, nakili. Halafu irudi."

Fundi alipima siku tatu, akajaza kurasa kumi na moja. Angeweza kuirudisha siku ya nne na leo pasingekuwa na la kusimulia. Lakini alilelewa na mama aliyeamini kwamba chombo cha watu hakirudi kichafu, na kabureta ile ilikuwa na masizi ya miaka, rangi nyeusi iliyobabuka, na kutu shingoni. Mtu aliyekunyima kitu miaka tisa akakuazima, alijisemea, umrudishie kinang'aa, ajute kwa nini hakukuazima mapema. Akatoa sumaku, akaigusisha shingoni. Ikashika, tena kwa nguvu. Akaandika "chuma". Akafunga waya, akazamisha. Nia yake ilikuwa siku mbili tu.

Siku ya pili pampu kuu ya mji wa jirani ilipasuka, akapelekwa huko na wenzake wa kituo cha maji, akakaa siku tisa.

Sasa, juu ya ndoo, ndipo alipoelewa. Shingo peke yake ndiyo ilikuwa chuma, pete iliyochomekwa. Mwili wote chini ya ile rangi ulikuwa zinki, na zinki ndani ya molasi ni kama sukari kwenye chai ya moto, inataka muda tu. Kila anayesafisha vyuma vya kale anajua. Yeye mwenyewe alishawahi kumweleza kinyozi, kwa vidole, taratibu. Sumaku haikudanganya. Iliulizwa sehemu moja, ikajibu habari za sehemu hiyo.

Mkewe alikuwa anaanika nguo. Fundi akamfumbulia kiganja. Mwanamke akachungulia, akauliza ni jino la nani.

"Kabureta."

Akacheka. Halafu akamtazama usoni, kicheko kikamkatikia katikati, shati alilokuwa ameshika likashuka mpaka chini kwenye vumbi na hakuliokota. "Ya baba?"

"Ya baba."

Alikaa kwenye ngazi, shuka nyevu zikimpiga begani, asizisogeze. Fundi alimweleza yote tangu mwanzo, pamoja na uzito, pamoja na siku. Alipomaliza, mkewe hakumlaumu, na hilo likamtisha kuliko lawama. Aliuliza jambo moja tu: kama baba yake ameshajua. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeongea peke yake kwamba mwaka huu ndio kwanza baba alianza kumtaja mume wake kwa jina lake, si "yule wa maji".

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Kabureta, fundi alikuwa ameikosa kwa miaka tisa na angeweza kuikosa tena. Lakini kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameingia nyumba ya mkwe wake kama mtu anayekuja kusoma mita, akakaribishwa kiti, akajibiwa salamu, akaondoka. Taulo lile, kwa mikono miwili, lilikuwa mlango wa kwanza kufunguliwa. Na yeye ameuvunja na bawaba zake.

Jioni shemeji alipita. Alipoonyeshwa kipande alishika kichwa, akazunguka ua mara mbili, akarudi akiwa na mpango. Kurasa kumi na moja si zipo? Fundi wa kuyeyusha si yupo? Basi itoke nyingine, ipakwe nyeusi, ichomwe moshi kidogo, irudishwe kwenye taulo lake.

"Macho ya mzee yana ukungu, shemeji. Juzi kanisalimia akidhani mimi ni jirani. Hata mama mzazi wa hiyo kabureta hataijua."

Fundi alimwambia aache upuuzi. Lakini kilichomshtua ni kwamba Jumatatu, baada ya kazi, alijikuta amesimama kwa fundi wa kuyeyusha, daftari limefunguliwa juu ya meza yenye mchanga, anajisikia akieleza unene wa kuta na upana wa mdomo kana kwamba anayeongea ni mtu mwingine. Fundi wa kuyeyusha alisoma michoro akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema hajawahi kuletewa kazi iliyopimwa hivi. Angeitoa Alhamisi, tena kwa shaba nyeupe, ingedumu kuliko mama yake. Akachukua penseli kutoka nyuma ya sikio.

"Na hili jina la kiwanda nilichonge humu humu, au?"

Lilikuwa swali la kazi tu. Fundi alifungua mdomo kusema ndiyo, na ndiyo haikutoka. Alijiona siku ya kurudisha, amesimama mbele ya mzee na jina la watu waliokufa zamani limechongwa juzi, mzee akilipapasa kwa kidole. Akaomba daftari lake. Fundi wa kuyeyusha aliuliza kama bei imemtisha, naye akasema hapana, kuna mtu anapaswa kuambiwa kwanza.

Jumanne alikwenda. Mkewe alitaka wafuatane, akamkatalia. Wakiwa wawili, alisema, mzee atamtazama binti yake, na jambo hili linataka atazamwe yeye. Alibeba kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na pete, skrubu mbili, na kipande cha herufi mbili kwenye pamba.

Mzee alikuwa sebuleni, redio imepunguzwa sauti, vitambaa vya kufuma vimenyooshwa kwenye kila kiti isipokuwa chake. Fundi alitoa shikamoo, akaitikiwa, akaonyeshwa kiti. Hakukaa. Alikuwa ameyapanga maneno njiani kama mtu anayepanga spana kwa ukubwa, lakini yalitoka yote kwa mkupuo: molasi, sumaku, shingo, siku kumi na moja, zinki. Akaweka kopo mezani. Alimaliza kwa kusema hana cha kujitetea, na kwamba siku tatu hizi ameshindwa hata kumeza maji.

Mzee alifungua kopo. Akatandika gazeti, akamimina. Akaokota kile kipande, akakisogeza karibu na jicho, akakigeuza. Fundi alijiandaa kwa tusi, kwa fimbo, hata kwa machozi.

Mzee akashusha pumzi ndefu, kama kuli aliyetua gunia.

"Afadhali," alisema.

Fundi alidhani masikio yamemchezea. "Baba?"

"Nimesema afadhali. Kaa chini. Ukisimama hivyo unanifanya nami nitake kusimama, na magoti sina."

Akakaa, kwenye ukingo wa kiti, kitambaa kikateleza hadi sakafuni na wote wawili wakakiacha. Mzee alikirudisha kile kipande juu ya gazeti kwa uangalifu mkubwa, kikae sawasawa na mstari wa habari.

"Hii si ya gari langu. Ni ya gari lako."

Kampuni aliyofanyia kazi, mzee alieleza, ilikuwa na magari mawili ya aina ile. Moja liliendeshwa, jingine lilikuwa limelazwa ghalani. Mwaka aliozaliwa binti yake, kabureta ya lile la kuendeshwa ilipasuka mikononi mwake. Aliikaza kupita kiasi, kosa la kijana. Akaogopa kufukuzwa, mtoto mchanga yuko nyumbani. Akaingia ghalani mchana wa chakula, akafungua boliti mbili, akahamisha. Nia yake ilikuwa kuirudisha mpya ikifika. Mpya haikufika. Alipostaafu wakampa gari lile kama shukrani, na lile la ghalani akaamini limeshakuwa misumari na masufuria zamani. Mpaka siku ile mkwewe alipomwita kuona kitu alichookota.

"Ukafungua boneti," mzee alisema. "Ukanionyesha tundu. Ukaniambia, baba, unaona kinachokosekana? Na mimi hata boliti nilizitambua. Moja niliikwaruza kwa haraka. Mkwaruzo upo mpaka leo."

Damu ilimpanda fundi masikioni hadi akasikia mvumo, kama pampu inayovuta hewa bila maji. Alikuwa ameingia humu mkosaji, ameshazoea uzito wa kosa lake begani, na sasa umenyakuliwa ghafla akapepesuka kwa kukosa mzigo. Alikumbuka kifurushi cha mashine ya majani. Alikumbuka kwamba Jumapili nyingi, akiwa amelala chini ya gari lake, aliisikia injini ya mkwewe ikikohoa na kuwaka mitaa minne huko, akasitisha kazi kuisikiliza kwa mapenzi.

Mzee aliendelea kwamba kila mwaka alisema mwaka huu atasema. Kisha mwaka unakuwa mrefu kuliko uliopita, na jambo linakuwa aibu mara mbili: kuchukua, na kunyamaza. Alipomwazima mwaka huu alifikiri huenda mkwewe atainakili, zitakuwa mbili, hesabu itakaa sawa na hakuna atakayejua. Hata hilo halikumpa usingizi.

Fundi hakuwahi kupaza sauti mbele ya mkwe, na hata sasa hakupaza. Ilitoka chini, kavu, na ilimshtua yeye mwenyewe.

"Mimi nimekaa na kosa siku tatu, baba, na nimekonda. Wewe umekaa nalo miaka tisa, ukiniangalia."

Mzee hakuinua uso. "Ndiyo."

"Nilipokuja hapa na barua kukuonyesha. Ulizisoma. Ulinisahihishia jina la kiwanda."

"Ndiyo."

Akangoja kusikia sababu, udhuru, hata hasira. Hapakuwa na kitu nyuma ya ile ndiyo. Mkono wa mzee ulikuwa juu ya gazeti, unatetemeka vile vile, na fundi akaona kwamba mlangoni siku ile ya taulo haukuwa uzee. Alichokitamani miaka ishirini na miwili, mkwe huyu amkubali, kilikuwa kimekaa mbele yake kimeinamisha kichwa, na hakujua akishike wapi.

Kisha mzee aliomba jambo moja tu. "Binti yangu asijue. Wewe nimekwambia wewe. Yeye usimwambie."

Fundi alifikiria. Alifikiria kwa muda mrefu wa kutosha mzee kupata tumaini.

"Simwambii," alisema. "Utamwambia wewe, baba. Vaa viatu."

Mke wa fundi alikuwa kwenye cherehani ya nyumbani, amezungukwa na kola za mashati, alipomwona mumewe mlangoni akiwa mzima. Akashukuru kimoyomoyo. Kisha akaona aliye nyuma yake. Baba yake hakuwa ameingia nyumba hii kwa miaka tisa. Mguu ukasahau pedali, sindano ikasimama ndani ya kola. Aliinuka, akaamkia, akavuta kiti.

"Marahaba," baba yake aliitikia. "Sikai kwanza."

Na akasema, amesimama, kofia mkononi kama mtu aliyeitwa mbele ya afisa. Hakurefusha. Alipofika kwenye boliti mbili akakohoa, akaendelea. Fundi alitazama pembeni, kwenye rundo la sare, kwa sababu mtu hapaswi kumtazama mkwe wake katika hali ile, hata akiwa amemleta yeye.

Mke wa fundi alisikiliza mpaka mwisho. Mkononi alikuwa na mkasi, akaufungua na kuufunga mara mbili bila kukata kitu.

"Barua nilipeleka mimi," alisema.

Baba yake aliitikia kwa kichwa.

"Sitini na tatu, baba. Kila stempu nililamba mimi. Halafu Jumapili nakuja kwako nakuandalia chakula, unaniuliza, vipi, wamejibu? Uliniuliza. Kila Jumapili."

"Nilitaka wajibu," mzee alisema, na ilisikika kweli, na ukweli wake ukafanya mambo kuwa mabaya zaidi. Mke wa fundi alimtazama kana kwamba mtu mgeni ameingia amevaa koti la baba yake. Akaweka mkasi mezani, akatoka uani. Wanaume wawili wakabaki wamesimama kati ya kola. Walimsikia akimwaga maji, akiburuta kitu. Hakuna aliyethubutu kwenda kuchungulia.

Aliporudi uso ulikuwa umenawa na macho mekundu. Hakumwendea baba yake. Alikwenda kwenye rafu, akatoa daftari la mumewe, akaliweka mikononi mwa mzee, likiwa limefunguliwa kwenye zile kurasa kumi na moja.

"Zitatoka mbili," alisema. "Moja yake, moja yako. Bila jina la kiwanda. Na wewe, baba, utakuwa unakuja hapa kila siku, unashika tochi, unashika spana, unafanya atakachokwambia, mpaka gari la mume wangu liwake."

Mzee alitazama kurasa, hakuona vizuri, akazisogeza mbali, akazileta karibu. "Gari la kale hilo," alisema polepole. "Na lisipowaka?"

"Basi utakuwa unakuja."

Mzee alimgeukia mkwewe kutafuta msaada. Mkwewe alikuwa bado anatazama sare.